Mgeni wa Kwenye Filamu na Mama Mkwe Wangu

Kusema kweli, mama mkwe wangu sikumwona akiitazama ile filamu, nilimsikia tu. Kwa watu wa mke wangu, wakulima wa Lusangi, mwanaume hatazamani uso kwa uso na mama wa mkewe, wala haketi naye mkeka mmoja. Mimi ni mtu wa kuja, lakini adabu hiyo niliishika barabara. Basi Jumapili hiyo, baada ya misa, kompyuta ilikuwa juu ya meza yetu hapa Kasongo, mimi na mke wangu tumekaa mbele yake, na mama mkwe yuko chumbani nyuma yetu, pazia la mlango limevutwa pembeni ili aone kioo bila kuniona uso. Kifaransa hakijui, kwa hiyo nilikuwa natafsiri kwa sauti.

Ulikuwa mwezi wake wa nne kwetu. Mimba ya kwanza ilimtesa sana mke wangu, na hii ya pili ilipoanza kumsumbua alimwomba mama yake aje akae mpaka mtoto azaliwe. Mama alikubali kwa shingo upande. Shamba lake alimwachia jirani, na hapendi kula mahali ambapo hakulima. Kila Jumatatu alisema anarudi kwake, na kila Jumatatu mke wangu alimbembeleza.

Kazi yangu ni kuweka nyimbo na filamu kwenye kadi za simu za watu, pale sokoni. Wateja wangu wengi ni wachimbaji wa dhahabu wanaoshuka kutoka Salamabila, nao wanataka ngumi kabla hata jina la filamu halijamaliza kuandikwa. Hii niliikuta ndani ya flash ya mfanyabiashara mmoja. Mzee anaishi na mkewe na mbwa wao kando ya mto. Mvua inanyesha, mgeni anabisha hodi, anaomba kulala siku moja. Haondoki tena. Hapigi mtu, hatukani mtu. Anaanza kulia chakula kwa kijiko cha mzee. Baadaye anakalia kiti chake. Kisha anajifunza kukohoa kama yeye, mpaka mke aliyeko jikoni akisikia kile kikohozi anaitika kama anavyomwitikia mumewe. Mwishoni mzee anarudi kutoka mtoni, na mbwa wake mwenyewe anambwekea. Hapo inaisha.

Mara ya kwanza niliitazama peke yangu, mchana, kibandani, soko zima likipiga kelele nje. Mbwa yule alipobweka nywele zilinisimama. Sikujua kwamba binadamu anaweza kuogopeshwa na kijiko. Nilifunga kibanda mapema siku hiyo, nikarudi nyumbani nikitembea polepole na kuyaangalia mambo yote niliyoyazoea, hata mlango wangu mwenyewe, kana kwamba kuna mtu ameyagusa.

Sasa msikilize mama mkwe, baada ya saa mbili za kutafsiriwa.

"Mwambie bwana yako, ile filme ni ya bure," alimwambia mke wangu kutoka chumbani. "Mutu anakula tu, analala tu! Mugeni siku mbili, siku ya tatu umupe jembe. Wangemupa jembe, filme ingeisha zamani, na mimi ningekuwa nimeisha kutwanga majani ya muhogo ya sombe."

Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Mimi sikucheka. Mtu akiidharau filamu ninayoipenda naona kama ameitemea mate sahani yangu. Nikaanza kuitetea, macho yangu kwenye ukuta, maneno yakipita kwa mke wangu kama adabu inavyotaka, ingawa mama mkwe mwenyewe alikuwa hatua tatu tu na anasikia yote.

"Mwambie mama, ule njo uzuri wake! Mugeni mubaya haingii na panga. Anaingia na huruma. Leo anashika kijiko, kesho anashika jiko, kesho kutwa mutoto wa nyumba anamukimbilia yeye. Na wenye nyumba wanafurahi, wanasema huyu anatusaidia! Siku wanashituka, nyumba haiko yao tena."

Kwenye filamu hakuna mtoto. Sijui alinitoka wapi, nilikuwa nimekolea. Chumbani kukawa kimya, nami nikakihesabu kimya kile kuwa ushindi. Ningeuona uso wake, ningekomea kwenye kijiko.

Kesho yake asubuhi nilitoka nje nikakuta mwendesha pikipiki anafunga mzigo wa mama kwenye kiti cha nyuma. Mama amevaa kitenge cha safari. Mke wangu analia.

"Unalilia nini? Si ni Jumatatu yake ya siku zote?" nikamuuliza.

"Leo haiko mchezo. Mama anasema amesikia."

"Amesikia nini?"

"Jiko. Mutoto."

Nilitamani ardhi inimeze. Moshi wa kuni ulikuwa unamtapisha mke wangu, kwa hiyo jiko alilishika mama tangu wiki ya kwanza. Na binti yetu wa miaka mitatu alikwisha kuhama kitanda chetu, analala kwa bibi yake, akianguka anamlilia bibi yake.

Pamoja na aibu yote nilimstaajabia yule mama. Filamu ile niliitazama mara tatu, na mara zote nilimwogopea mzee. Yeye aliitazama mara moja, kwa lugha ya kusimuliwa, kutoka nyuma ya pazia, akajiuliza jambo ambalo sikuwahi kuliwaza: je, kama yule mgeni mwenyewe hajui kwamba mgeni mbaya ni yeye? Alijiuliza usiku kucha, na asubuhi akafunga mzigo. Sijaona mtazamaji wa namna hiyo, na sitegemei kumwona mwingine.

Nikampa mgongo, kama inavyopasa. "Mwambie mama…" nikaanza.

"Sisemi kitu," mke wangu akanikata. "Umwambie weye mwenyewe."

Miaka saba ya ndoa sikuwa nimemwelekezea neno moja kwa moja.

"Mama, nilitoka Salamabila na homa, nikaangukia mu lupango, mu kiwanja cha nyumba yenu. Mulinipa kitanda siku moja, nikabaki miezi mitatu. Nilikula mu sahani ya baba. Nikaenda na mutoto wenu. Kama kuna mugeni mu hii nyumba, njo miye."

Mwendesha pikipiki aliacha kufunga kamba. Kisha mama mkwe akanijibu, mimi mwenyewe, bila kumpitisha mtu, na sauti yake ilikuwa karibu kuliko nilivyodhani.

"Nilikuona tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilikuona, na nilikuachia mutoto wangu kwa kupenda. Na weye, utaniachia?"

Nikasema ndiyo, mama, jiko na mtoto na vyote, nikalia hadharani, uso wangu ukiwa bado umeelekea ukuta wa jirani.