Mate ya Mama Yangu

Asubuhi ile tulikuwa tunakaanga maandazi uani, mimi na mama mkwe wangu Bi Zuhura, huku Majengo, Thika. Mama yangu mzazi alikuwa ameketi kando na kikapu chake cha ndizi. Alikuja kwa miguu kutoka Ruiru, kwenye shamba la kahawa la mzungu nilikozaliwa nikaitwa Wanjiru. Nilipoolewa nilisilimu, nikawa Mwanaisha, nikavaa buibui. Mama hakunilaumu. Alinitania tu kwamba Uswahili umeninenepesha.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau. Wakikuyu walikuwa wanazolewa mjini na kupelekwa kambini, na mama hakuwa na karatasi ya kumruhusu kutoka Ruiru.

Lori likasimama nje.

Askari waliingia na ofisa wa kizungu. Walikuwa watu wa mbali, si wa kwetu. Waliuliza Mkikuyu ni nani hapa. Bi Zuhura akanishika mkono, akasema mimi ni mwanawe. Buibui lilikuwa limezifunika ndewe zangu, nilizotogwa kwa desturi ya Kikuyu nikiwa msichana.

Askari mmoja akamnyooshea mama bunduki. "Na huyu?"

Nilijua la kusema. Sikusema.

"Mimi nauza ndizi tu," mama akajibu. "Hawa siwajui."

Wakamwinua. Aliponifikia alisimama, akanitemea mate kifuani. Askari wakacheka, wakamsukuma ndani ya lori.

Kwetu, mzazi akikuaga kwa safari ndefu hukutemea mate kidogo kifuani. Ni baraka. Lakini majirani waliokuwa wakichungulia hawakuwa Wakikuyu wala hawakumjua mama, wakaona tusi. Jioni walikuja kunipa pole kwa kudhalilishwa na mchuuzi wa ndizi. Nikawashukuru. Bi Zuhura alinitazama, naye akanyamaza kwa ajili yangu.

Mama alifia kambini. Mchuma kahawa mmoja ndiye aliyeniletea habari. Kaburi sijaonyeshwa hadi leo.

Nilijaliwa mabinti wanne. Kwa desturi yetu, wa pili alistahili jina la mama yangu. Nilimwita Zuhura. Mwanzoni niliogopa serikali. Uhuru ulipokuja hofu ikaondoka, aibu ikabaki, maana kisa cha mwanamke wa ndizi kilikuwa kimegeuka kichekesho cha mtaa, na kila kiliposimuliwa nilicheka na wenzangu. Hicho kicheko ndicho kinachoniumiza kuliko kimya changu cha siku ile.

Sasa ni miaka ya tisini. Mjukuu wangu Halima, binti wa Zuhura, amejenga Ruiru, mahali palipokuwa na kahawa. Juzi alimfanyia bintiye akika, karamu ya kuchinja na kumpa mtoto jina. Tulipomaliza kula pilau, Mama Rehema, jirani yangu wa tangu zamani, akakianza tena kile kisa: ndizi, mate, buibui langu jipya. Wanawake wakacheka. Mimi nilikuwa nimempakata mtoto.

"Alikuwa mama yangu," nikasema. "Alikuwa ananibariki."

Mama Rehema akaweka kikombe chini. Halima akasogea karibu yangu.

"Shosho, kwani alikuwa anaitwa nani?"

"Wangari."

Watoto wangu wote walikuwa pale chumbani nasi, na hakuna aliyewahi kulisikia jina hilo. Mtoto niliyempakata alikuwa ameshapewa lake asubuhi.