Kompyuta Iliyovaa Gauni

Raya binti Shomari akianza kuongea hamalizi, na akianza kufungua kitu ndiyo kabisa. Bunda nzima wanamjua hivyo. Kibanda chake kiko nyuma ya stendi, kimejaa kompyuta zilizotolewa matumbo nje, na kiti alichoachiwa na baba yake, mzee Shomari, fundi wa redio na saa enzi hizo kompyuta hazijafika. Baba hakuacha shamba wala nyumba. Aliacha bisibisi saba na amri moja: usimrudishie mtu chombo chake kabla hujakifungua. Raya akaenda chuo cha ufundi Musoma, akarudi na cheti, akanunua bisibisi ya nane, na kwa miaka kumi na tano hajaivunja amri ile.

Isipokuwa mara moja. Na mara hiyo moja, jamani, nusura mtu asiye na kosa apoteze kazi.

Mtu mwenyewe ni Pelagia, mchapaji wa mitihani katika shule moja ya msingi kule Butiama. Shule za jirani zimezoea kufanya mtihani wa pamoja, ule wa ujirani mwema, na uchapaji wake wote unapita mikononi mwa Pelagia. Mwanamke wa kisiwani Rukuba, binti wa mvuvi, mpole hadi anakera. Miaka kumi na mmoja hajavujisha hata nukta. Mtihani akishauchapa anauweka kwenye flashi, flashi anaichomeka kifuani, na hapo kifuani haitoki mpaka mwalimu mkuu aiombe mwenyewe.

Basi mwezi ule mtihani wa sayansi wa darasa la saba ukavuja. Siku mbili kabla, watoto walikuwa na maswali yote, kwa mpangilio wake. Wazazi wakawaka moto. Aliyewaka kuliko wote alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee Mugeta, mfugaji wa Nyamuswa, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Kamati ikamwita Raya aje aikague kompyuta ya Pelagia, isije ikawa ina kirusi kinachoiba.

Raya akaja. Akakuta kompyuta imevaa gauni. Ndiyo, gauni! Pelagia alilifuma kwa mkono wake, la waridi lenye maua meupe, likaifunika ile sipiyu, sanduku lenyewe la mashine, kuanzia shingoni hadi miguuni, na nyuma limefungwa kwa vifungo na utepe. Mwenye gauni mwenyewe amesimama pembeni, machozi yanamlengalenga. Raya akaona haya. Utaanzaje kuvua nguo ya watu mbele ya mwenyewe akilia? Akapitisha antivairasi yake kwa mbele, akangoja saa tatu nzima, akanywa chai, antivairasi ikasema hakuna kitu. Akatoka mbele ya kamati kifua mbele.

"Kompyuta ni safi," akasema.

Hakujua anasema nini. Kama kompyuta ni safi, basi mchafu ni aliyekaa mbele yake. Mzee Mugeta akapiga meza: Pelagia atachapa mtihani wa marudio, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuuchapa, halafu Jumatatu kikao kitakaa na atakabidhi funguo za ofisi.

Habari hiyo ilimfikia Raya Alhamisi, akiwa na sahani ya ugali na furu, visamaki vya ziwani, mapajani. Tonge likamganda mkononi.

"Nimemmaliza yule mama," akasema peke yake. "Kwa mdomo wangu huu huu."

Akaanza kuzunguka kibandani, anaongea na ukuta. Flashi haikutoka kifuani. Karatasi zilikuwa bado hazijatolewa. Sasa maswali yametokea wapi? Akatazama kibodi iliyokuwa mezani, akatazama waya wake, akaufuata kwa kidole mpaka unapoingia nyuma ya mashine. Akapiga kelele hata muuza vocha wa jirani akaruka.

"Yametoka kwenye vidole! Mungu wangu, yameibwa kwenye waya, na mimi sikuangalia nyuma!"

Ugali akauacha hapo hapo. Akadaka gari la Musoma, akashukia Kiabakari, akamalizia na bodaboda, anamhimiza dereva kana kwamba kuna mzazi wa kuwahishwa hospitali. Alipoingia ofisini Pelagia alikuwa anakunja vitambaa vyake na kuviweka kwenye mfuko.

"Dada Pelagia, funga mlango. Nimekuja kumvua nguo huyu."

"Si ulisema ni safi?"

"Nilikosea. Nisamehe. Hili gauni lako lilinitia haya, nikafanya kazi nusu. Sijawahi kufanya kazi nusu tangu nizaliwe."

Pelagia akaweka mfuko chini. Akapiga magoti mwenyewe, akafungua utepe, kifungo kimoja kimoja, mpaka gauni likaanguka. Raya akawasha tochi ya simu. Nyuma kulikuwa na vumbi la miaka, lakini pale waya wa kibodi ulipoingia palikuwa pamefutika vumbi, pakang'aa. Na kati ya waya na mashine kulikuwa na kidude cheusi, kifupi kama kipande cha chaki. Ukikitazama haraka utadhani ni mwisho wa waya tu.

"Hiki ni chako?"

"Hapana. Huyu namvuaga Jumamosi tu kufua gauni, wala siangaliagi huko nyuma."

Raya akageukia skrini. Akafungua orodha ya vifaa kwenye kompyuta: kibodi moja, mausi moja, basi. Kompyuta haikujua chochote! Kidude hakikuwa ndani yake, kilikaa mlangoni kinasoma kila herufi inayopita. Antivairasi ingechunguza mpaka kiama isikione. Lakini mwizi hawezi kuja kukichomoa kila siku, lazima kinamtumia maneno kwa hewa. Na kitu kinachotumia hewa kinasikika.

Akafungua kwenye simu yake ile programu ya kutafuta waifai. Shule haikuwa na waifai. Hata hivyo ukatokea mtandao mmoja, hauna jina. Raya akatoka nje na simu, nguvu ikapungua. Akarudi, ikapanda. Akaisogeza nyuma ya sipiyu, ikajaa pomoni.

"Zima ukutani!"

Pelagia akazima swichi. Sekunde chache, mtandao ukapotea kwenye simu. "Washa!" Akawasha, na kabla hata skrini haijaonyesha kitu, ukarudi. Wanawake wawili wakashikana mikono, wakarukaruka ofisini bila sauti, mpaka Pelagia akaanza kulia tena, safari hii kwa kicheko.

Halafu akaiachia mikono ya Raya.

"Dada Raya, tukikipeleka kwa mwenyekiti atasema tumekiweka wenyewe. Jana umesema safi, leo umekuja na kidude. Nani atatuamini?"

Hapo Raya akakosa la kusema, na si jambo la kila siku. Ni Pelagia aliyepata wazo, huyo huyo mpole. Mtihani wa marudio ulikuwa bado haujachapwa, na mwizi alikuwa anausubiri. Basi kidude wakakiacha palepale. Gauni likavishwa, utepe ukafungwa. Ijumaa asubuhi Pelagia akakaa akachapa mtihani wa sayansi wa uongo, maswali ishirini, taratibu, na alipofika swali la kumi na saba akatabasamu peke yake. Alipomaliza akaufuta wote, hakuuhifadhi, hakutoa hata karatasi moja. Ulipita kwenye vidole na waya tu.

Raya hakulala vizuri siku tatu hizo. Kama mwizi amestuka, je? Kama hakusoma? Pelagia angekabidhi funguo, na kila atakayeuliza sababu angejibiwa kwamba fundi wa Bunda alisema kompyuta ni safi.

Jumatatu saa nne kikao kikajaa darasa zima. Mwalimu Chrispin, wa hesabu, anayeendesha tuisheni kwenye chumba kilichopakana ukuta na ofisi ya Pelagia, alikaa na daftari kuandika muhtasari. Mzee Mugeta akasimama, akasema kwa sauti yake ile kwamba shule haiwezi kulea mwizi, na kwamba mama huyu akabidhi funguo sasa hivi watu warudi kwenye shughuli zao. Pelagia akazitoa funguo, akaziweka mezani.

"Mwenyekiti, naomba nafasi," Raya akasema. "Kwanza nakiri. Nilisema kompyuta ni safi bila kuitazama nyuma. Huo ni uzembe wangu, mnisamehe. Pili, naomba wazazi mnisaidie swali moja la sayansi. Eleza hatua nne anazofuata sato anapowanyonyesha watoto wake."

Darasa likaangua kicheko. Mama mmoja akapiga makofi, mwingine akasema, "We fundi, jua limekupiga!" Walicheka wote, watu wa ziwani hasa, mpaka madawati yakalia.

Mzee Mugeta peke yake hakucheka. Ni mtu wa ng'ombe huyo, samaki anamjua akiwa kwenye sahani.

"Mnacheka nini?" akafoka. "Swali gumu hilo! Mjukuu wangu limemtoa jasho tangu juzi. Nimempigia mpaka bwana mifugo, hajui jibu!"

Kicheko kikakatika.

Raya akauliza polepole, kwa adabu zote: "Shikamoo, mzee. Mjukuu wako amelipata wapi?"

Mugeta akavua kofia. Akatazama dirishani, akatazama kofia yake. Raya hakungoja. Akaeleza kila kitu kwa pumzi moja: kidude, mtandao usio na jina, mtihani wa uongo ambao duniani kote umeguswa na vidole vya mtu mmoja tu. Kisha akamwomba mwalimu mkuu aende mwenyewe akavue gauni, na mwalimu mkuu akaenda, akarudi na kile kipande cheusi kiganjani. Kalamu ya Mwalimu Chrispin ilikuwa imesimama zamani.

"Mzee," mwalimu mkuu akasema, "umelipata wapi?"

Mugeta akajikuna kidevu. Sauti ya kuita ng'ombe ikawa imemkimbia.

"Si huyu hapa!" akasema, akinyoosha kidole kwa anayeandika muhtasari. "Ameniuzia Jumamosi. Na ule wa kwanza aliniuzia yeye."

Ndiyo, na ule wa kwanza! Aliyepiga meza kuliko wote alikuwa na mtihani mfukoni tangu mwanzo. Chrispin alikuwa ameinuka, lakini mlangoni walishajaa akina mama, na hakuna aliyempisha.

Raya alitaka kupiga vigelegele. Lakini alimwona Pelagia anasimama, akamwachia nafasi. Pelagia akanyoosha mkono, akazichukua funguo zake mezani mbele ya mwenyekiti, akazitia mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kusikika sauti yake.

"Sato hanyonyeshi, mzee," akasema. "Akiona hatari anawaficha wanae mdomoni, anafunga, hata afe njaa. Mwambie mjukuu wako aandike hivyo."