Gurudumu la Kushoto

Simaloi wa Kisongo alijulikana kwa punda wake. Hakumruhusu punda aondoke mpaka apitishe vidole kati ya kamba na ubavu, mzigo ukiwa tayari mgongoni. Ukimpima punda mtupu, alisema, unajidanganya mwenyewe.

Mumewe Aminieli, Mmeru wa Kikwe, alikuwa msaidizi wa fundi kwenye gereji ya Bwana Kinloch mjini Arusha. Mwaka 1953 Mzungu huyo alimpa gari mkweche akaliunde nyumbani liwe gari la mbio. Likifika gereji salama, Aminieli angekuwa fundi mkuu na kupewa nyumba mjini. Simaloi aliiwaza nyumba hiyo kutwa, maana walikaa kwa wifi yake aliyeolewa hapo Kisongo, wakisimangwa kwa kila tonge.

Kazi ikaja kukwama kwenye magurudumu. Ringi pana walizopata zilizama ndani mno, matairi yakagusa springi. Aminieli akatia pete za chuma kuyasogeza nje. Lakini ukiyasogeza kupita kiasi, bati la madigadi lililo juu yake linayala. Wiki nzima ikawa tia pete, toa pete. Yeye alitaka yatokeze, ati gari la mbio lazima lipanue miguu!

"Mama Bariki, pima kushoto, mimi nipime kulia," alisema. "Acha nafasi ya vidole viwili juu ya tairi."

Simaloi akaburuta magunia mawili ya mahindi, akayapakia kwenye kiti cha kushoto. Gari likalala kidogo, ndipo akapima. Nafasi haikutosha, akatoa pete moja. Aminieli alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hili ni gari, si punda."

"Haya, Baba Bariki, nawe kaa kwenye usukani nikupimie."

"Nikae ili iweje? Fundi hapa ni nani?"

Akapima upande wake gari likiwa tupu, na mtu mwenyewe alivyokuwa na kitambi!

Jumamosi asubuhi wakashika njia ya mjini. Walipokaribia sokoni, kwenye shimo la kwanza, ikaja harufu ya mpira unaoungua, kisha moshi, kisha mlipuko. Gari likatumbukia mtaroni. Watu wakaacha biashara zao wakaja mbio.

"Vidole vyako hivyo, uliyepima kushoto!" Aminieli alimfokea mkewe mbele za watu. "Umeniponza, mchunga punda wewe!"

Simaloi alishuka. Aliliangalia tairi la upande wake, zima. Akazunguka. La kulia lilikuwa limechanika vipande, na ukingo wa madigadi umejaa mpira mweusi. Aminieli naye akaona. Akanywea.

Mara akafika Bwana Kinloch, aliyekuwa amekuja kuwapokea njiani. Alikagua kulia, akatikisa kichwa. Alipofika kushoto akachuchumaa, akaingiza mkono juu ya tairi, akakaa hapo kitambo.

"Hii ni kazi safi. Aliyeifanya ndiye fundi ninayemtaka. Nani?"

Simaloi alishusha pumzi. Kumbe nyumba bado ipo. Akamtazama mumewe.

"Mimi, Bwana," alisema Aminieli.

"Na hii ya kulia?"

"Mke wangu. Nilimwachia kidogo tu."

Mama mmoja wa ndizi akatua kapu lake chini, mdomo wazi. Wote walikuwa wamesikia matusi yale ya kushoto, wala hakuna aliyethubutu kumbishia mtu mbele ya Mzungu. Matusi Simaloi alikwisha kuyazoea, lakini hili hakuliwaza hata siku moja. Alimtazama baba wa mtoto wake kama mtu aliyekutana naye njiani leo.

"Usimpe tena spana," Mzungu alicheka, akampa Aminieli mkono.

Jumatatu jioni Aminieli alirudi Kisongo na ufunguo, amejaa furaha. Alimkuta Simaloi akipakia punda vyombo vyake, mtoto mgongoni.

"Twende, Mama Bariki. Nyumba ile uliyoitaka, tumeipata."

Simaloi alipitisha vidole chini ya kamba, akaikaza.

"Kaishi na mkeo aliyepima kulia," alisema. "Mimi simjui."