Ndama wa Mashine ya Lubarika

Siku Gratien alipofika Lubarika kukagua mashine mbili za kukoboa mpunga alizotaka kuzinunua, alikuta kila kitu mahali pake isipokuwa mkanda wa ile mpya. Injini yake iliwaka, ikanguruma, ikatoa moshi mweusi, lakini kinu chake hakikuzunguka hata kidogo. Mkanda ulikuwa ndani ya mfuko wa Gikundiro, umefungwa kwa kitenge, na Gikundiro mwenyewe alikuwa ameketi juu ya gunia la pumba akimwangalia mnunuzi anavyohangaika.

Gratien alimwuliza kama yeye ndiye mfanyakazi wa hapo. Gikundiro akajibu kwamba ndiyo, kwa miaka kumi na mmoja sasa. Mnunuzi akampigia simu Ngabo, mdogo wake Gikundiro, na sauti ya Ngabo ikasikika mpaka nje walikosimama akina mama na magunia yao. Gikundiro hakuipokea simu aliyonyooshewa. Alijua watakutana Jumamosi.

Jumamosi ile familia yote ilikuwa ikifanya kikao Kilibula, mtaa wa mjini kando ya ziwa, nyumbani kwa mama yao Béatrice, kama inavyofanya kila baada ya miezi mitatu. Haikuwa familia tu, ilikuwa pia sosiete, kampuni yenye hisa. Marehemu baba yao, Sebagenzi, alikuwa na ng'ombe thelathini na mmoja juu milimani, Mulenge. Watu wenye bunduki walipoanza kuswaga mifugo ya majirani, aliona heri auze wake mwenyewe kabla hawajachukuliwa. Kwa bei ya ng'ombe hao alinunua mashine ya Lubarika, nyumba mbili za kupangisha Kilibula, na lori moja. Kisha akanunua daftari kubwa lenye jalada gumu, akamwandika humo kila ng'ombe kwa jina lake: Bihogo alikuwa hisa moja, Sine hisa moja, mpaka wa mwisho. Aliyekuwa mwenye ng'ombe mlimani akawa mwenye hisa mjini.

Utaratibu ulikuwa rahisi, na mzee aliushika kama alivyoshika fimbo yake. Faida iligawanywa mafungu matatu: moja la chakula na masomo ya watoto, moja la matengenezo, moja la kununua kitu kipya. Na mali ya sosiete haikuuzwa mpaka kila mwenye hisa akubali. Kwa fungu la kitu kipya, lililotokana na faida ya mashine ile, Lubarika ilipata mashine ya pili, miaka mitano iliyopita, baada ya Gikundiro kuitunza ile ya kwanza kama mgonjwa wake.

Lakini Gikundiro hakuwa na hisa. Kila mwana wa kiume alikuwa na ng'ombe wake tangu kuzaliwa. Binti aliolewa akaenda. Mumewe Gikundiro alipofariki, alirudi akaomba kazi kwa ndugu zake, wakampa, na wakajiona wamemfanyia wema. Kwenye kikao aliruhusiwa kuleta hesabu na chai.

Safari hii pia aliileta chai, ila mfuko hakuuacha jikoni.

Baba mdogo wao, Mugabo, naye mwenye hisa, alifungua kikao kwa maombi marefu. Kisha Ngabo, aliyekuwa mkurugenzi na pia mwandishi wa daftari, akaeleza shida. Ziwa lilikuwa limepanda, limeingia katika nyumba moja ya kupangisha, wapangaji wamehama. Ilibidi kujenga nyingine sehemu ya juu. Gratien alikuwa tayari kuzichukua mashine zote mbili za Lubarika na kuzihamishia mjini. Ngabo alisema ana sahihi ya Uwayezu, ndugu yao wa mwisho, na ya baba mdogo. Yake mwenyewe ingekuwa ya tatu, na wenye hisa walikuwa hao tu.

Shida ilikuwa ya kweli, Gikundiro hakuikataa. Alichokataa ni kitu kingine. Kwa nini panapopungua pesa, kinachouzwa kwanza ni kile anachokitunza mwanamke? Lori lilikuwa limelala mwaka mzima uani bila tairi, hakuna aliyelitaja. Na akina mama wa Lubarika warudi kutwanga mpunga kwa mchi ili Ngabo apate wapangaji?

"Yaya, rudisha mukaba," Ngabo alimwambia dada yake mkubwa. "Watu wanatucheka."

"Nitaurudisha. Kwanza minye niko na ulizo moja. Gaju ilienda wapi?"

Ngabo alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za marehemu. Mugabo akavuta daftari, akavaa miwani, akatafuta kwa kidole. Akasoma polepole: Gaju na wenzake watano, ng'ombe wa mahari ya Gikundiro, wameuzwa, wamenunua mashine ya Lubarika.

"Na ndama yangu iko wapi?"

Kwa wafugaji wa milimani, ng'ombe wa mahari wakishazaa, familia ya msichana hutoa mtamba mmoja, ndama jike, katika uzao huo na kumpeleka kwenye boma la binti yao. Wanamwita indongoranyo. Hata baba maskini humpeleka, maana asipompeleka anasemwa mpaka kaburini. Sebagenzi aliwauza wale sita kabla hawajazaa, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka. Mashine haitembei uani na ndama wake ikamkumbusha mtu.

Mugabo alivua miwani. Alisema kwa upole kwamba ni kweli, ni aibu, na kwamba watamnunulia mtamba mzuri. Ngabo akadakia haraka kuwa ana mtu Mulenge, wiki ijayo mnyama atakuwa amefika.

"Sitaki ngombe ya soko," Gikundiro alisema. "Indongoranyo inatoka kwa uzao wa ngombe ile ile. Ngombe zangu zilikuwa mashine. Ile mashine ya pili imetoka ndani ya ile ya kwanza. Ni yo ndama yangu."

Ngabo alicheka. "Weye yaya, mashine inazala?"

"Mu kitabu chenu iko inazala. Si minye niliandika mashine majina ya ngombe. Ni ninyi."

Uwayezu alishindwa kujizuia, akacheka hadi chai ikamwagika kwenye suruali yake. Ngabo alimkazia macho, kisha akamgeukia baba mdogo apate msaada. Lakini aliyesema alikuwa Béatrice, ambaye kwa miaka yote ya sosiete hakuwahi kufungua kinywa katika kikao isipokuwa kuitikia amina.

"Miaka makumi mbili na tano nikikutana na bakwe, wazazi wa bwana yake, kanisani, ninaangalia chini," alisema. "Ndama haikuenda. Mumupe."

Ngabo hakuwa mjinga. Aliona njia yote mpaka mwisho wake: ndama akiwa wa Gikundiro, Gikundiro ana hisa, akiwa na hisa, bila sahihi yake hakuna kinachouzwa. Alisema wanaiharibu sosiete kwa mambo ya zizini. Gikundiro akamjibu kwamba sosiete yenyewe imetoka zizini, na kama anaona haya, afute kwanza jina la Bihogo, ambaye ndiye hisa yake.

Hakufuta. Mugabo alimsogezea daftari na kalamu. Hisa mpya ilihitaji jina la ng'ombe, kama nyingine zote, na mzee akamwuliza Gikundiro amwandike nani.

Gikundiro alifungua mfuko, akatoa mkanda, akauweka mezani katikati ya vikombe. Ulikuwa mweusi, umelainika kwa mikono yake.

"Andika Haiuzwi," alisema.

Ngabo alishika kalamu. Alikuwa mwandishi wa daftari, hapakuwa na mwingine wa kuandika. Aliandika. Kisha akaondoka bila kumaliza chai yake, na ile nyumba ilikuwa bado majini.

Jumatatu asubuhi Gikundiro alipanda juu ya kisanduku cha mbao pale Lubarika, akaurudisha mkanda, akaukaza. Akina mama walikuwa wameshapanga magunia. Mmoja akamwuliza yule tajiri wa mjini atakuja lini kuchukua mashine.

"Aje na mpunga," alisema Gikundiro, akavuta kamba ya injini.