Finland Hawabishi Hodi

Juzi nilikuwa saluni hapa Durban, wateja ndani, geti limefungwa kwa kufuli kama kawaida, kwa kuogopa majambazi. Mama mmoja Mrundi, ametoka kumtembelea dada yake Finland, kwenye mji mdogo kando ya ziwa, alikuwa anasukwa huku akitusimulia.

"Kule geti haiko. Baiskeli inalala nje, hakuna wa kuigusa."

"Eish! Sasa umerudi kufanya nini?" akauliza msusi.

"Miezi miwili, dada, hata jirani mmoja hakubisha hodi!"

Hapo hapo geti likagongwa. Msusi akashika pasi ya nywele, ya moto, akachungulia. Kumbe jirani, anaomba chaja ya simu.

"Mmeona?" mama akasema, uso unang'aa. "Hicho ndicho nilichokikosa."

Nilikubaliana naye kabisa, ila nilikuwa bado nimejificha nyuma ya kiti chake.