Ramani Iliyosema Hakuna Watu Chikwesa

Wyson Namalomba nilikaa naye meza moja miaka minne, chumba cha ramani cha hifadhi ya nyaraka, mjini Zomba. Tulifanya kazi na wanahistoria wa Lisbon na Edinburgh. Ramani ya kale inapigwa picha, unatafuta mto au kilima ambacho bado kipo, kisha unaipachika juu ya picha ya setilaiti mpaka vyote vikae sawa. Wyson alikuwa fundi kutuzidi sote.

Ramani ya wilaya ya Thyolo ya 1903 aliipachika yeye. Kusini mwa mto, mpimaji Mwingereza alikuwa ameandika: hakuna watu. Ndipo kilipo Chikwesa, kijiji cha mama yake.

Wyson alicheka. "Huyu alipita watu wakiwa mashambani."

Ramani ikawekwa mtandaoni. Mwaka uliofuata shamba la chai linalopakana na Chikwesa likafungua kesi kudai ardhi ya kijiji, na wakili wao akaitoa ramani ileile kama ushahidi, jina la Wyson likiwa pembeni.

Wyson alimpigia simu Catarina, mwanahistoria wa Lisbon, mbele yangu.

"Yafute yale maneno."

"Wyson, ni ya mpimaji. Tukiyafuta tumeghushi. Tutaweka maelezo."

"Nani atayasoma?"

Maelezo yaliwekwa kweli, ila mpaka ubonyeze kialama kidogo ndipo uyaone.

Mahakamani Wyson alieleza kuwa mpimaji hakuingia kijijini. Wakili wa shamba akamuuliza swali moja tu: "Umeipachika sawasawa?"

"Ndiyo."

Shamba lilishinda kesi. Baada ya hukumu tulikwenda Chikwesa. Jirani mmoja alituona, akapaza sauti: "Bwana Ramani huyo! Ficheni vyoo, asije akavipima!" Watu wakacheka. Wyson aliinama.

Mama yake mdogo, Nasibeko, alitupakulia nsima, ugali wa kwao, na mbaazi.

"Mama mdogo, mimi niliweka kilichoandikwa tu."

"Najua, mwanangu. Kula."

Hakula.

Nguzo za zege zilikwisha kusimikwa, na makaburi ya kijiji yalibaki upande wa shamba. Kuyafagia wanakijiji waliruhusiwa Jumanne tu. Jumanne ya kwanza tulimsindikiza Nasibeko. Mlinzi, kijana mpole wa kijiji cha pili, alisema barua ya ruhusa haijafika.

"Nitasubiri," alisema Nasibeko, akaketi chini na ufagio mapajani.

Wyson alipiga simu ofisi ya shamba mara tatu. Haikupokelewa. Tukasimama pale, jua likituchoma, tukisubiri naye.