Kisu cha Chuma cha Mzee Ireri

Makaa ya mgunga yakivukutwa hutoa harufu kali inayokauka kooni, na chuma chekundu kikitumbukizwa majini huongeza yake, ya mvuke na kutu. Harufu hizo mbili ndizo zilizotuarifu, tukishuka na mbuzi kwenda mto Thuci chini ya soko la Ishiara, kwamba tumefika kwa Mzee Ireri mhunzi na kwamba ni wakati wa kuharakisha miguu. Hakuna mtoto aliyepita pale akicheza. Tuliambiwa kwamba mhunzi akigonga chuma baridi huku akitaja jina lako, nyumba yenu inaanza kuugua kuanzia mdogo wenu. Tuliambiwa mtu asiokote hata msumari katika uwanja wake. Mama yangu alikuwa mtu wa kanisa na aliimba kwaya kila Jumapili, lakini hata yeye, akifika pale, alivuka akatembea upande wa pili wa njia. Nilipomwuliza Cucu, nyanya yangu, kama maneno hayo ni kweli, alijibu kwa kifupi, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Nilikuwa darasa la tano, nchi ikiwa na uhuru wa miaka michache. Mwaka huo mtama uliiva wote kwa wakati mmoja na ndege wakawa wengi, hivyo kila mkono ulitakiwa shambani. Masuke ya mtama hukatwa kwa kisu kidogo kinachoenea kiganjani. Mama alikuwa na chake, Cucu alikuwa na chake, na mimi nilikuwa na kipande cha mkebe kilichonikata vidole kuliko kilivyokata mtama. Nilitamani kisu changu mwenyewe hadi nikakiota. Siku moja ya soko, Mzee Ireri akiwa amekwenda kuuza majembe, nilipita kwake nikaona juu ya lundo la vyuma kipande cha springi ya lori, kirefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Nilikiingiza ndani ya gauni na kukimbia. Chuma kilikuwa na joto la jua, na nilihisi kama nimebeba kitu kilicho hai.

Kwa siku nne, mbuzi wakinywa maji, nilijificha penye miamba na kujaribu kuwa mhunzi. Nilichimba shimo, nikajaza makaa niliyoyaiba jikoni, nikayapepea kwa kifuniko cha sufuria mpaka mabega yakauma. Koleo sikuwa nayo, kwa hiyo nilishika chuma kwa vijiti viwili vibichi vilivyoungua kila mara. Fuawe yangu ya kupigia chuma ilikuwa mwamba, na nyundo yangu jiwe la mto. Nilijifunza kwa makosa. Chuma kikipoteza wekundu hakisikii tena, na mara ya kwanza nilipokilazimisha kilipasuka ubavuni, nikabaki na nusu. Hiyo nusu niliipiga upesi upesi, nikaitoa motoni na kuirudisha, kisha nikainoa kwenye jiwe la mchanga mpaka ukingo ukang'aa. Mpini niliutoa kwenye tawi la mti wa mukau. Nilichoma tundu kwa mkia wa chuma chenyewe, nikakishindilia, nikafunga kwa waya. Lakini furaha sikuipata hata siku moja. Kule juu nyundo ya Mzee Ireri ililia, na kila iliponyamaza nami nilinyamaza, jiwe likiwa hewani, nikiamini kwamba ameinua kichwa na ananisikiliza. Mhubiri wetu alipenda kusema kwamba mwovu hukimbia ingawa hafukuzwi na mtu. Mimi nilikuwa nikikimbia nimeketi.

Siku niliyomaliza kisu, nilifika nyumbani nikamkuta mdogo wangu Nyaga, mtoto wa miaka miwili, amelazwa kwenye mkeka. Mwili wake ulikuwa moto. Ghafla macho yalipinduka, mikono ikakakamaa, meno yakaumana. Mama alipiga yowe moja tu. Baba alikuwa akifanya kazi Embu, akirudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo aliyekuja mbio ni ndugu yake, Baba Mdogo Njue, aliyekaa boma la pili. Mficha maradhi kifo humuumbua, na haya niliyaficha mimi.

"Mama, ni mimi," nilisema. "Nilichukua chuma cha Mzee Ireri."

Mama alinitazama kama hanijui. Kisha alimfunga Nyaga mgongoni kwa leso, akashika njia ya zahanati. Akiwa mlangoni alisema, "Mrudishie chuma chake. Piga magoti. Mwombe." Baba Mdogo alichukua rungu lake na kwenda upande wa maboma mengine, nami nikajua anakwenda kuita wanaume.

Nilishuka njia ya mkato, miiba ikinichana. Mzee Ireri alikuwa ameketi akinyoosha jembe. Nilipiga magoti, nikaweka kisu mbele ya miguu yake. Sikuwahi kumwona karibu namna ile. Alikuwa mtu mdogo, mwenye kikohozi na makovu meupe mikononi.

"Nani alikufundisha?" aliuliza, akikigeuza kisu.

"Hakuna, Mzee."

"Hapa ulikipiga kikiwa kimepoa."

Nilianza kulia. Nilimwambia nilikiiba, kwamba mdogo wangu anakufa, kwamba aondoe laana tafadhali, achukue hata mkono wangu. Nilitegemea akasirike. Badala yake uso wake uliporomoka.

"Umemwambia nani?"

"Mama. Na Baba Mdogo amesikia."

"Mwanangu," alisema, na sauti ilikuwa ndogo sana, "mimi sina laana yoyote. Nina nyundo tu."

Tulisikia wanaume wakishuka. Nilitaka kukimbia lakini akanishika nguo. "Usiende. Wakinikuta peke yangu hawataniuliza kitu." Ndipo nilipoelewa kwamba yule mtu tuliyemwogopa sote alikuwa akituogopa sisi, na pengine alikuwa hivyo kwa miaka yote. Hofu yangu haikuisha. Iligeuka tu, ikawa nzito zaidi.

Walikuwa saba, Baba Mdogo mbele. Sikupanga nilichosema. Kilitoka chenyewe.

"Chuma alinipa yeye! Sikuiba. Nilimdanganya Mama kwa sababu nimekatazwa kupokea kitu chake."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa hatua mbili tatu tu, lakini ilitosha kuwasimamisha. Kama chuma kilitolewa, hakuna wizi, na pasipo wizi hakuna laana. Baba Mdogo alimgeukia Mzee. "Ireri, ni kweli?"

Mzee aliangalia chini. "Ni kweli."

"Basi tutakaa hapa," alisema Baba Mdogo, "mpaka tujue habari ya mtoto."

Tulikaa. Jua lilihama kutoka upande mmoja wa kibanda hadi mwingine. Mtu mmoja alikuwa akichora mchangani kwa ncha ya panga, na mlio huo mdogo nausikia mpaka leo. Nilisali bila maneno. Mwishowe kijana mmoja alifika kwa baiskeli kutoka zahanati, akasema mtoto amedungwa sindano ya malaria, amelala, amejikojolea, ananyonya. Wanaume waliinuka mmoja mmoja wakaenda zao. Hakuna aliyemwomba Mzee msamaha. Nyumbani nilichapwa kwa kumdanganya Mama, uongo ambao haukuwa uongo, nikavumilia. Kabla ya mvua kunyesha Mzee Ireri alifunga vyombo vyake akahama, wengine walisema amekwenda Tharaka. Sikumuaga. Niliona haya.

Nyaga ana wajukuu sasa. Mama nilimwambia ukweli akiwa mzee. Mimi nilisomea uuguzi, nikafanya kazi Embu mpaka nikastaafu, na hata sasa majirani huniletea watoto wenye homa. Siku zile Mama alitembea saa nzima na mtoto mgongoni. Siku hizi pikipiki inamfikisha mgonjwa kwa dakika kumi, na kipimo cha malaria hutoa jibu kabla chai haijapoa. Dawa zimesonga mbele sana. Lakini mara kwa mara mama mmoja huketi mbele yangu, mtoto akiungua mapajani, akaniinamia na kuninong'oneza, "Najua ni nani aliyefanya hivi." Hapo nausikia tena ule mlio wa panga mchangani. Namwambia, "Homa ilianza lini? Niambie hiyo tu. Hilo jina, tafadhali, usilitaje."